CHEN, CHAN NA TAN: JINA MOJA, LAHAJA NYINGI

Ndugu msomaji, chukua gazeti lolote lenye habari za ng'ambo utazame majina ya Wachina na jirani zao. Hapa utamkuta Bwana Chen, pale Bwana Chan, mbele kidogo Bwana Tan, na habari zikifika Vietnam utamkuta Bwana Trần. Ukiulizwa kama hawa wana jina moja la ukoo utasema la, maana herufi hazifanani. Kumbe wanalo! Ni jina lile lile, linaandikwa kwa alama ile ile ya Kichina, ila kila upande unalitamka kwa lahaja yake. Tena wapo akina Tan wawili wanaoweza kuketi dawati moja, majina yao yana herufi zile zile tatu, nao hawana ukoo mmoja kabisa.

Nimeileta mada hii katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili kwa sababu ya somo la lahaja. Wenzangu wa Kidato cha Tatu hulalamika ati lahaja ni mzigo wa mtihani tu, hazina faida nje ya darasa. Mimi nasema zina faida. Anayejua kwamba bibi wa Mombasa husema "mato" pale kitabu kinaposema "macho" tayari ana ufunguo wa jina hili la Kichina, kama nitakavyoonyesha. Mniwie radhi ikiwa nitawapeleka mbali kidogo kabla ya kuwarudisha nyumbani.

Kwanza, tuujue ukubwa wa ukoo wenyewe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, yaani sisi sote, Wajaluo, Wakamba, Waswahili, Wasomali, Wakikuyu na wengineo. Akina Chen walio Uchina peke yake ni zaidi ya milioni 60. Na hata hivyo si wa kwanza! Wametanguliwa na Wang, Li, Zhang na Liu, wao ni wa tano. Lakini ukienda kusini, katika mikoa ya Guangdong na Fujian, na ukivuka bahari hadi Taiwan, Chen ndilo la kwanza kwa wingi. Watu wa Fujian wana msemo kwamba Chen na Lin ni nusu ya dunia. Kutia chumvi huko, lakini ukipita mitaa yao utaona chumvi yenyewe si nyingi sana.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba Mchina hutanguliza jina la ukoo, kisha jina lake mwenyewe. Chen Sheng ni Sheng wa ukoo wa Chen. Kuhusu alama inayoandika Chen, ina pande mbili. Upande wa kushoto una kijisehemu kinachofanana na sikio (asili yake hasa ni kilima), na upande wa kulia ni alama ya mashariki. Kwa hiyo mtu akijitambulisha, asije akaandikwa Cheng au jina jingine lenye sauti ya karibu, husema yeye ni "Chen wa sikio na mashariki". Ni kama vile hapa kwetu mtu anavyomwambia karani, "Andika Athman, kwa th." Tofauti ni kwamba yule Mchina akishaitaja alama yake, Wachina wote humwelewa, awe wa kaskazini au wa kusini, hata kama matamshi yao yamepishana kiasi cha kutosikilizana.

Sasa tuingie katika asili. Habari hizi ziliandikwa na Sima Qian, mwanahistoria mashuhuri aliyeishi katika karne ya pili na ya kwanza K.K. Mnamo mwaka 1046 K.K. hivi, Mfalme Wu wa Zhou aliipindua nasaba ya Shang. Alipokwisha kutwaa nchi alitafuta wazao wa wafalme wa kale ili awape ardhi, wapate kuendeleza matambiko ya wazee wao. Mmoja wa wafalme hao wa kale ni Shun, ambaye habari zake ni za masimulizi zaidi kuliko historia. Mzao wa Shun aliyepatikana aliitwa Man, wa ukoo wa Gui, na babake alikuwa msimamizi wa wafinyanzi wa Zhou. Mfalme akamwoza Man binti yake mkubwa, akampa na nchi iitwayo Chen, mji wake mkuu Wanqiu, ambao leo ni Huaiyang katika mkoa wa Henan. Mtoto wa mzee wa vyungu kaoa binti mfalme! Ingekuwa filamu ya Kihindi, hapa ndipo nyimbo zingeanza.

Kwa hiyo Chen lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa jina la watu. Watawala wake walikuwa wa ukoo wa Gui kwa damu. Mwaka 478 K.K. nchi hiyo ndogo ilimezwa na jirani yake mkubwa wa kusini, Chu, na haikuinuka tena. Waliotawanyika walijiita kwa jina la nchi waliyoipoteza. Baada ya kufa, Man alipewa jina la heshima la Hu, na ndiyo maana akina Hu wengi nao humtaja yeye kuwa babu yao.

Lakini utamu wa kisa uko katika tawi lililotoka mapema. Karibu miaka 200 kabla ya nchi kuanguka, mwaka 672 K.K., mrithi wa kiti cha Chen aliuawa. Wan, mwana wa mmoja wa watawala wa Chen, alikuwa rafiki wa marehemu, akahofia shingo yake, akakimbilia nchi ya Qi iliyo upande wa mashariki. Huko alipokewa vizuri, akapewa kazi ya kusimamia mafundi. Kizazi chake kikazidi kuwa na nguvu, kidogo kidogo, hata mwaka 386 K.K. mmoja wao aitwaye Tian He akatambuliwa rasmi kuwa mtawala wa Qi. Yaani mkimbizi alikaribishwa barazani, na wajukuu wakamtoa mwenye nyumba.

Msomaji makini atauliza: mbona huyu ni Tian na si Chen? Swali zuri. Sima Qian anasema Wan alipofika Qi alilibadili jina lake kuwa Tian. Walakini vitabu vingine vya kale vinawaita watu hao hao Chen, na vyombo vya shaba nyeusi ambavyo watawala hao waliviagiza wenyewe vimeandikwa Chen, ila kwa chini imeongezwa alama ya udongo. Mtu aliyelibadili jina ili ajifiche hawezi kulichora la zamani juu ya chombo cha ibada kila mtu alione. Hebu fikiria kidogo.

Aliyelifungua fundo hili vizuri ni Qian Daxin, msomi aliyeishi kuanzia 1728 hadi 1804. Alichunguza maandishi ya kale, akaonyesha kwamba kundi zima la maneno ambayo Kichina cha baadaye kinayatamka kwa ch, zamani yalitamkwa kwa t. Chen na Tian ni mojawapo ya ushahidi wake. Katika enzi za Wan majina hayo yalisikika karibu sawa, kwa hiyo mwandishi mmoja aliandika alama hii na mwingine akaandika ile. Baadaye ulimi wa watu wengi uliteleza, t ya Chen ikawa ch, na t ya Tian ikabaki palepale. Jina moja likawa mawili, na leo akina Tian na akina Chen ni koo mbili.

Na hapa ndipo ninapowarudisha nyumbani. Bibi yangu, Mmvita wa kuzaliwa, husema "mtele" badala ya mchele, "nti" badala ya nchi, "kitwa" badala ya kichwa, na ukimkasirisha atakuuliza unateka nini, maana yake unacheka nini. Kila anayeishi hapa Mombasa anaijua kanuni hii hata kama hajaiandika daftarini: ch ya Kiswahili sanifu mara nyingi ni t ya Kimvita na Kiamu. Si kila ch, jamani! Chakula ni chakula, hakuna anayesema "takula". Uchina nako ni hivyo hivyo. Katika lahaja ya Kihokieni, inayosemwa kusini mwa Fujian, kundi fulani la maneno limeishikilia t ya kale, na Chen ni mmojawapo. Kwao Chen ni Tan. Watu wa Fujian walitengana na ndugu zao wa kaskazini kabla ule ulimi haujateleza, wakaondoka na t yao.

Tofauti ipo, nami sitaificha. Kwa Wachina t ndiyo mzee na ch ndiyo mtoto, hali kwetu ch ya Kiunguja na t ya Kimvita zote zimetokana na sauti ya Kibantu iliyo ya kale kuliko zote mbili. Kinachofanana ni namna ya kupishana: ukishaijua kanuni, unaweza kubahatisha neno la upande wa pili kabla hujalisikia.

Kama huamini, kunywa chai. Neno hili limetufikia kutoka Uchina kwa kupitia Uajemi na Bara Hindi, kutoka kwenye lahaja zinazouita mmea huo "cha". Waholanzi walinunua majani yao kwa watu wa Kihokieni, ambao huyaita "te", na kutoka kwao Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wakapata neno linaloanza kwa t. Cha na te ni kama Chen na Tan. Kanuni ni ile ile, kwa sababu zamani maneno hayo mawili yalianza kwa sauti moja. Mkenya anayeagiza chai kwa Kiswahili na kisha akaiagiza kwa Kiingereza amekwisha kupita lahaja mbili za Kichina bila kulipa nauli.

Tuendelee. Akina Chen walifikaje kusini? Walisogea kwa awamu nyingi, wakikimbia vita vya kaskazini. Mmoja wao, Chen Baxian, alianzisha nasaba mwaka 557 akaiita Chen, jambo ambalo si la kawaida, kwani nasaba za Uchina hazikuitwa kwa jina la ukoo wa mfalme. Ilidumu miaka 32 tu. Majeshi ya Sui yalipoingia mjini mwaka 589, mfalme wa mwisho alipatikana amejificha kisimani pamoja na wake zake wawili. Sina la kuongeza hapo.

Mkubwa zaidi kwa watu wa Fujian ni Chen Yuanguang, jemadari wa enzi ya Tang. Mwaka 686 jimbo la Zhangzhou liliundwa naye akawa gavana wake wa kwanza. Leo anaabudiwa katika mahekalu ya Fujian, Taiwan na hata Singapore kama mfalme mtakatifu aliyeifungua Zhangzhou. Akina Tan wengi walio ng'ambo humhesabu yeye kuwa babu.

Kutoka bandari za kusini, jina likapanda meli. Hapa lazima niwe mwangalifu, maana ndipo linapogawanyika kama mto ukifika baharini. Watu wa Guangzhou na Hong Kong husema Kikantoni, nao hutamka Chan. Wahokieni waliojaa Singapore, Malaysia, Indonesia na Ufilipino ni Tan; huko Singapore Tan ndilo jina la ukoo lililo na Wachina wengi kuliko yote. Watiochu, ambao ni jirani za Wahokieni na ndio wengi katika Wachina wa Thailand, wameigeuza n ya mwisho kuwa ng, kwa hiyo kwa Kithai likawa Tang. Wahaka ni Chin. Chin pia ni wale wa wilaya ya Taishan, waliotangulia kwenda Marekani kutafuta dhahabu na kujenga reli. Wa mji wa Fuzhou ni Ting au Ding, nao unaweza kuwakuta wengi katika mji wa Sibu, kisiwani Borneo. Wakorea husoma alama hiyo Jin, na Wajapani Chin.

Trần ya Vietnam ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Wavietnamu walilipokea jina hili kutoka Kichina cha enzi ya Tang, wakati ulimi ulikuwa umeondoka kwenye t lakini haujafika kwenye ch. Ile tr yao ni kama picha ya mtu aliyepigwa akiwa katikati ya kuruka mtaro. Leo Trần ni jina la pili kwa wingi nchini humo baada ya Nguyễn. Ukoo wa Trần, ambao masimulizi yanasema wazee wake walitoka Fujian, ulitawala Vietnam kuanzia 1225 hadi 1400 na kuwarudisha Wamongolia mara tatu, mwaka 1258, 1285 na 1288, wakati Wamongolia hao hao walikuwa wakiiteka Uchina au wamekwisha kuiteka.

Sasa ongeza karani wa bandari. Huyu ni Mwingereza, Mholanzi au Mhispania, hajui Kichina, na mbele yake kuna foleni ya watu waliochoka. Anaandika anachosikia, kwa tahajia ya kwao. Siwezi kumlaumu sana, maana tunawajua makarani. Darasani mwetu yuko kijana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Shee na cha kakake wa tumbo moja kinasema Sheikh, na babao akahangaika miezi mitatu na viapo vya wakili kuthibitisha kwamba watoto wote ni wake. Kwetu ni watu wawili wa nyumba moja. Kwa akina Chen ni mamilioni.

Mfano bora ni wa tajiri mmoja wa mpira aliyezaliwa mwaka 1874 kijijini Jimei, karibu na Xiamen. Mwaka 1890 alikwenda Singapore akiwa kijana wa rika letu, na huko alijulikana kwa matamshi ya Kihokieni: Tan Kah Kee. Fedha zake nyingi alizirudisha nyumbani kujenga shule, na mwaka 1921 akaanzisha Chuo Kikuu cha Xiamen. Alifariki Beijing mwaka 1961, na huko Beijing kila mtu alimwita Chen Jiageng. Mtu wa Hong Kong akiisoma alama ile ile atasema Chan Ka-kang. Singapore wana kituo cha garimoshi kiitwacho Tan Kah Kee. Huko angani kuna sayari ndogo namba 2963 iliyopewa jina la heshima la mtu huyu, nayo inaitwa Chen Jiageng. Mtoto anayepanda treni kwenye kituo hicho, akifika shuleni akasoma habari za sayari hiyo, anaweza kumaliza masomo yake bila kujua kuwa ni mzee mmoja.

Akina Chen wenyewe hawakukubali kupotezana. Waliokuwa Guangdong walichanga fedha kutoka wilaya 72 wakajenga jumba la ukoo mjini Guangzhou, lililokamilika mwaka 1894, ili vijana wao waliokuja mjini kwa mitihani ya serikali wapate pa kulala na kusoma. (Sisi wa shule za kutwa tunaolala nyumbani penye kelele tunaielewa shida hiyo.) Ndugu zao wa Kuala Lumpur wakajenga lao mwaka 1906, na jina lake kwa herufi za Kilatini linaanza kwa Chan. Wale wa Singapore walikuwa na lao tangu miaka ya 1870, na jina lake linaanza kwa Tan. Mgeni asiyejua Kichina atapita kwenye majumba hayo mawili akidhani ni ya koo mbili. Anayejua atainua macho juu ya mlango aone sikio na mashariki.

Na jambo hili halikuwa la kujivunia tu. Zamani sheria ya Uchina ilikataza watu wenye jina moja la ukoo kuoana, hata kama hawakuwahi kuonana wala hawana babu wanayemjua. Sasa mchukulie kijana Chin wa New York, babu zake ni wa Taishan, na msichana Tan wa Manila. Kwa herufi za Kilatini hakuna kizuizi. Lakini bibi mzee akiomba waandike majina yao kwa Kichina, posa inaweza kuvunjika mezani. Kwetu pia ziko jamii ambazo mtu huulizwa mlango wake kabla hajaulizwa kazi yake, kwa hiyo nadhani nimeeleweka.

Upande wa pili wa sarafu ni wale wanaofanana bila kuwa ndugu. Mwandishi Amy Tan wa Marekani, aliyetoa kitabu chake kilichompa umaarufu mwaka 1989, si Chen hata kidogo. Tan yake ni ya Kichina sanifu, na inaandikwa kwa alama nyingine kabisa. Akikaa na Tan wa Singapore, ni herufi tu zinazowaunganisha.

Halafu kuna Jackie Chan. Najua nilipofika hapa hata wale waliokuwa wakisinzia wameamka. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1954 kwa jina la Chan Kong-sang, kwa hiyo mtu atasema huyu ni Chen halisi wa Kikantoni. Siyo! Babake alikuwa wa ukoo wa Fang, aliyewahi kufanya kazi ya ujasusi upande wa serikali iliyoshindwa vita, akakimbilia Hong Kong na kujiita Chan kwa usalama wake. Jackie alikuja kuambiwa ukweli akiwa mtu mzima. Mwanawe, ambaye ni mwigizaji pia, kwa Kichina anaandikwa Fang na kwa herufi za Kilatini anaandikwa Chan. Filamu zake zote tulizoziona kwa jirani, na kumbe jina lenyewe lilikuwa nguo ya kuazima!

Jackie alifichwa na babake. Wengine wamefichwa na serikali. Akina Trần wa Vietnam walipoitwaa enzi kutoka kwa ukoo wa Lý, walitoa amri mwaka 1232 kwamba kila Lý ajiite Nguyễn. Hata Zheng He, yule amiri wa Kichina ambaye meli zake zilifika Malindi, hakuzaliwa Zheng. Alikuwa Ma, wa jamii ya Waislamu wa Yunnan, na jina la Zheng alipewa na mfalme mwaka 1404. Tofauti ni kwamba yeye alipewa kama zawadi.

Kisa kinachoniuma mimi ni cha Indonesia, kwa kuwa si cha kale. Mwaka 1966, baada ya machafuko makubwa ya kisiasa, serikali ilitoa uamuzi wa kuwafanya raia wenye asili ya Kichina waache majina yao na kuchukua yenye sauti ya Kiindonesia. Shule za Kichina zilifungwa, na sikukuu zao zikakatazwa hadharani. Wengi walitii, lakini tazama walivyotii. Tan akawa Tanuwijaya. Tan akawa Sutanto, Hartanto, Tanoto. Tajiri Sukanto Tanoto alizaliwa Tan Kang Hoo. Wakaipokea nguo mpya, wakashona jina la babu kwenye pindo lake. Tan Joe Hok alikuwa Mwindonesia wa kwanza kushinda mashindano makubwa ya vinyoya ya Uingereza kwa wanaume, mwaka 1959, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa katika timu iliyoiletea nchi yake Kombe la Thomas. Nchi iliyomshangilia kwa jina la Tan ilimtaka baadaye awe na jina jingine, naye akawa Hendra Kartanegara. Soma Kartanegara polepole. Umeiona?

Baada ya Rais Suharto kuondoka mwaka 1998 masharti haya yalianza kulegezwa, na mwaka 2000 amri iliyokataza sikukuu zao ilifutwa. Lakini kijana aliyezaliwa Sutanto, ambaye hakufundishwa alama hata moja ya Kichina, hana jumba la kutazama juu ya mlango. Amebaki na zile herufi tatu tu, katikati ya jina.

CHEMSHA BONGO. Wanachama wajaribu hili kabla ya kusoma majibu. Ni nani kati ya hawa aliye wa ukoo wa Chen: Steve Chen, mmoja wa waanzilishi wa YouTube, aliyezaliwa Taiwan, Tan Cheng Lock, kiongozi wa kwanza wa chama cha Wachina wa Malaysia kilichoundwa mwaka 1949, Tan Dun, mtunzi wa muziki aliyezaliwa mkoani Hunan, ambako watu hawasemi Kihokieni, Anson Chan, mama aliyekuwa mkuu wa utumishi wa serikali ya Hong Kong, na Chen Ning Yang, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1957?

Majibu: Wawili wa kwanza ni Chen. Tan Dun siye, kwa sababu ile ile ya Amy Tan. Anson Chan ni Chen wa kuolewa tu, alizaliwa Fang. Na Chen Ning Yang ni wa ukoo wa Yang; Wamarekani ndio waliougeuza mpangilio, na hiyo Chen yake, ambayo nayo ina alama tofauti, ni nusu ya jina lake la kwanza.